Twilight Struggle katika semina ya Vita Baridi: tathmini kwa wahadhiri wa historia na uhusiano wa kimataifa

Twilight Struggle ni mchezo wa mezani wa watu wawili, uliotungwa na Wamarekani Ananda Gupta na Jason Matthews na kuchapishwa na kampuni ya GMT Games ya California mwaka 2005. Mchezaji mmoja anakuwa Marekani, wa pili anakuwa Umoja wa Kisovieti, na kwa raundi kumi wanaigombania dunia kuanzia mwaka 1945 hadi 1989. Kwa muda wa miaka mitano hivi, hadi mwanzoni mwa mwaka 2016, ulikuwa wa kwanza katika orodha ya michezo bora ya tovuti ya BoardGameGeek, lakini umaarufu huo haumsaidii sana mwalimu. Ninachotaka kukijibu hapa ni swali finyu zaidi: je, mhadhiri wa historia au wa uhusiano wa kimataifa katika chuo kikuu cha Afrika Mashariki atumie fedha ya idara na saa nzima za semina kwa ajili ya boksi hili? Jibu langu ni ndiyo, kwa sharti moja. Mchezo huu usipelekwe darasani kama picha ya Vita Baridi. Upelekwe kama ushahidi wa namna vita hivyo vilivyofikiriwa Washington na Moscow, na wanafunzi wapewe nafasi ya kuuhoji ushahidi huo kama wanavyohoji waraka wowote.

Kufundisha kwa michezo ya kivita ni jambo la zamani. Jeshi la Prussia liliupokea mchezo wa Luteni von Reisswitz mwaka 1824 na kuwafundishia maofisa wake. Chuo cha Vita vya Majini cha Marekani, kilichoko Newport, kilianza kuitumia michezo ya aina hiyo mwaka 1887. Katika vyuo vya kiraia, Philip Sabin wa King's College London aliwataka wanafunzi wake wa shahada ya uzamili wasiishie kucheza, bali kila mmoja atunge mchezo wake kuhusu vita halisi na kuutetea kwa maandishi. Mtindo huo wa Sabin ndio unaonishawishi zaidi, na nitaurudia nitakapofika kwenye mambo ya darasani. Wako wanaosema Twilight Struggle haustahili hata kuitwa mchezo wa kivita, kwa kuwa hauna kikosi hata kimoja cha askari juu ya ramani. Ubishi huo nauachia wenyewe; kwa somo letu, kukosekana kwa askari ni faida, maana kinachogombewa ni ushawishi juu ya serikali za watu wengine.

Kiini cha mchezo ni karata. Toleo la mwaka 2009 lina karata 110, na ukiacha zile za kuhesabia alama, kila moja imebeba vitu viwili: namba kati ya 1 na 4, na tukio la kihistoria, kama mgogoro wa Suez, vita vya Korea au kuundwa kwa NATO. Mwenye zamu anaweza kuliendesha tukio, au kuitumia namba kuweka kete za ushawishi katika nchi anazozitaka, au kujaribu kuipindua serikali iliyo upande wa mwenzake. Ugumu unatokana na kwamba karata hugawanywa bila kujali upande. Ukiishika karata yenye tukio la mpinzani na ukaitumia kwa ajili ya namba yake, tukio lile hutokea hata hivyo, na faida ni yake. Njia ya kawaida ya kulikwepa ni kuipeleka karata hiyo katika mashindano ya anga za juu, nayo kwa kawaida huruhusiwa mara moja tu kwa raundi. Kwa hiyo kila raundi mchezaji ameshika mkononi fungu la habari mbaya ambazo lazima zitoke, na ustadi wake wote ni kuchagua ipi itoke lini, na aiandalieje mahali pa kuangukia ili imdhuru kidogo.

Sijapata njia nyingine ya kufundishia inayomwonyesha mwanafunzi kwa haraka hivi kwamba kiongozi wa dola kubwa hakuwa akitekeleza mpango mkuu, bali alikuwa akizima moto mmoja huku akijua mwingine unafuka. Mwanafunzi aliyesoma kwamba Khrushchev alikuwa mtu wa papara na Eisenhower alikuwa mwangalifu anakuta, baada ya saa moja ya kucheza, kwamba yeye mwenyewe amekuwa vyote viwili kwa kadiri karata zilivyomjia. Hilo peke yake linatosha kuhalalisha kipindi kimoja cha semina.

Lakini utajiri wa mchezo huu kwa msomaji wa Afrika uko kwenye kanuni nyingine, ambayo wahakiki wengi wa Ulaya na Marekani huipita kama jambo la kiufundi. Kuna kipimo cha hatari ya nyuklia, DEFCON, kinachoanzia 5 na kushuka hadi 1, ambapo vita vya nyuklia vinazuka na mwenye zamu ndiye anayehesabiwa kushindwa. Kila mapinduzi yanayojaribiwa katika nchi iliyowekewa alama kuwa ni ya mapambano makuu hukishusha kwa hatua moja. Kikifika 4, ni marufuku kujaribu mapinduzi Ulaya. Kikifika 3, Asia nayo inafungwa. Kikifika 2, inafungwa Mashariki ya Kati. Afrika na Amerika ya Kati na ya Kusini hazifungwi kamwe. Na juu ya hayo, kila upande unalazimika katika kila raundi kufanya operesheni za kijeshi, ambazo kwa kawaida ni mapinduzi hayohayo, zisizopungua namba ambayo kipimo hicho kimefikia, la sivyo alama zinakwenda kwa mpinzani.

Ukizikutanisha kanuni hizo mbili, kinachofuata hakihitaji nia mbaya ya mtu. Ulaya inaganda mapema, Asia inafuata, na vijana wawili wa Dodoma au wa Eldoret, ambao hawana kinyongo chochote na Afrika, wanajikuta wakipindua serikali za Afrika kwa sababu ndiko kulikobaki na kwa sababu kanuni inawadai. Kipimo kikiwa 2, hata Angola na Zaire haziguswi, kwa kuwa ni za mapambano makuu na kuzigusa ni kuleta maangamizi. Ndipo mkono unapohamia Kenya, Sudan au Kamerun, nchi ambazo kwa hesabu ya mchezo kuzipindua hakumtishi yeyote. Mhadhiri anaweza kueleza kwa wiki mbili jinsi utulivu wa Ulaya ulivyolipiwa kwingineko. Mezani mwanafunzi anayatenda mwenyewe, kisha anaulizwa kwa nini ameyatenda, na jibu lake la kwanza huwa ni kwamba hakuwa na la kufanya. Mjadala mzuri huanzia kwenye jibu hilo.

Hesabu yenyewe ni fupi. Unarusha dadu moja, unajumlisha namba ya karata, unatoa uimara wa nchi, yaani namba iliyoandikwa kwenye ramani, mara mbili. Ukibaki na chochote juu ya sifuri, mapinduzi yamefaulu kwa kiasi hicho. Uingereza imepewa uimara wa 5, Ujerumani Magharibi 4, Ufaransa na Afrika Kusini 3, Kenya 2, na Nigeria, Angola na Zaire 1. Kwa karata ya 3 na dadu iliyoangukia 4, mapinduzi ya Zaire yanafaulu kwa 5, ya Kenya kwa 3, ya Afrika Kusini kwa 1, na ya Uingereza yanashindwa kabisa. Afrika Kusini ya makaburu, kwa maneno mengine, ni imara sawa na Ufaransa. Hii si kasoro ya uchapaji. Ni hukumu ya kihistoria iliyofichwa ndani ya tarakimu, na mwanafunzi anayeigundua kwa kushindwa kuipindua serikali ya Pretoria huku Kongo ikibadilisha mikono kila raundi amejifunza kusoma modeli, ujuzi atakaouhitaji siku atakapoletewa makadirio ya uchumi au ya tabianchi.

Tuitazame sasa ramani yenyewe, maana hapo ndipo darasa la Afrika Mashariki linapozinduka. Tanzania haina jina. Inamezwa pamoja na Msumbiji na majirani katika sehemu moja iliyoandikwa Nchi za Kusini-Mashariki mwa Afrika, yenye uimara wa 1. Uganda, Rwanda na Burundi hazikutajwa popote. Kongo inaitwa Zaire tangu raundi ya kwanza, ingawa jina hilo lilidumu kati ya 1971 na 1997 tu, na Zimbabwe inaitwa Zimbabwe miaka 35 kabla ya uhuru wake wa 1980. Mchezo unapoanza, kete pekee iliyoko katika bara zima la Afrika ni moja ya Marekani, nayo imewekwa Afrika Kusini. Mistari inayounganisha nchi, ambayo ushawishi hupitia, inaifunga Zaire na Kamerun, Angola na Zimbabwe. Upande wa mashariki, kule kwenye Ziwa Tanganyika, hakuna mstari wowote. Che Guevara, aliyevuka ziwa hilo kutoka Kigoma mwezi Aprili 1965 kwenda kuwaunga mkono waasi wa mashariki mwa Kongo, kwa ramani hii asingekuwa na njia.

Namba ile ya uimara wa 1 inastahili swali lake. Ni kweli kwamba Januari 1964 ilishuhudia mapinduzi Zanzibar na, siku chache baadaye, maasi ya askari wa Tanganyika yaliyozimwa kwa msaada wa wanajeshi wa Uingereza, na mtu aliyesoma mwezi huo peke yake angeweza kuitoa namba hiyo bila kusita. Lakini tangu Muungano wa Aprili 1964 hadi mwisho wa Vita Baridi, hakuna serikali ya Jamhuri ya Muungano iliyopinduliwa. Ufaransa, ambayo Jamhuri yake ya Nne iliporomoka mwaka 1958 chini ya shinikizo la majenerali wake wa Algiers, ndiyo iliyopewa 3.

Yapo pia matukio ambayo karata zimeyapa tafsiri inayohitaji kupingwa kwa sauti. Karata ya kuondoka kwa ukoloni ni ya Umoja wa Kisovieti: ikitoka, Moscow inaongeza kete katika nchi nne za Afrika au za Kusini-Mashariki mwa Asia, na kwa kuwa haiondolewi mchezoni baada ya kutumika, inaweza kurudi tena. Marekani inajibu katika awamu ya pili (karata zimegawanywa katika awamu tatu, na ya pili huingia raundi ya nne) kwa karata inayowahusu wakoloni waliobaki nyuma, yenye uzito uleule. Uhuru wa nchi umekuwa alama ya mtu mwingine. Vivyo hivyo karata ya kuanguka kwa dola ya Wareno inaipa Moscow kete mbili Angola na mbili katika ile sehemu yetu isiyo na jina. Hakuna vita vya ukombozi vilivyoitangulia. FRELIMO, harakati ya ukombozi wa Msumbiji iliyoundwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962, ikaanza kupigana Septemba 1964 ikiwa na kambi zake za nyuma kama Kongwa na Nachingwea, na ikapokea silaha na mafunzo kutoka China na Umoja wa Kisovieti kwa wakati mmoja, haionekani kabisa. Matunda yake yanaanguka kutoka mbinguni baada ya maofisa wa Lisbon kuasi mwaka 1974. Nikumbushe kwamba wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walisisitiza tangu miaka ya 1960 kwamba Mwafrika asomwe kama mtendaji katika historia yake. Sina hakika kama wangekaa kwenye meza hii kwa zaidi ya raundi mbili.

Pengo kubwa kuliko yote ni lile la nchi ndogo zilizojua kucheza na wakubwa. Chukua miezi iliyofuata Muungano. Zanzibar ilikuwa imeitambua Ujerumani Mashariki. Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, ambayo haikuwa tayari kuvumilia nchi yoyote kufanya hivyo, ikaishinikiza Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere akaruhusu Ujerumani Mashariki iwe na konseli badala ya ubalozi, na mwezi Februari 1965 Ujerumani Magharibi ilipouondoa msaada wake wa kijeshi kama adhabu, akawaambia wachukue na msaada wao uliobaki. Desemba ya mwaka huohuo akavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ambako walowezi wazungu walikuwa wamejitangazia uhuru. Benki ya Dunia na nchi za Magharibi zilipokataa kuigharamia reli ya kwenda Zambia, China ikaijenga: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kazi iliyoanza 1970 na kukamilika 1975. Katika Twilight Struggle hakuna kanuni inayoweza kulieleza tukio hata moja kati ya haya. China yenyewe ni karata moja tu, yenye namba 4 na nyongeza ya 1 ikitumika Asia, inayopita mkononi mwa Marekani na Wasovieti kwa zamu. Haiwezi kujenga reli kwa sababu haina mikono yake.

Watunzi hawakuyaficha haya, na ni haki yao jambo hilo litajwe. Katika maelezo yao wamesema wazi kwamba mchezo unaikubali mantiki ya ndani ya Vita Baridi kana kwamba ni kweli, hata pale inapojulikana kuwa si kweli. Nadharia ya kuanguka kwa nchi moja baada ya nyingine kwa ujirani, iliyowaingiza Wamarekani Vietnam, hapa inafanya kazi kama ilivyohubiriwa. Kila nchi ina bwana au inamsubiri. Mimi nauona ukweli huo wa watunzi kuwa ndio unaoupa mchezo thamani chuoni, kwa kuwa unatupatia ndani ya boksi moja itikadi nzima ikiwa imeandikwa kwa kanuni na tarakimu, tayari kupasuliwa. Mchezo uliojaribu kumtendea haki kila mtu ungekuwa mzito zaidi, na huenda usingetuambia chochote juu ya waliokuwa wakiamua.

Sasa mambo ya darasani. Mchezo kamili huchukua saa mbili hadi tatu kwa wanaoujua. Kwa wageni hesabu nne, pamoja na dakika 40 za kueleza kanuni. Ni wa watu wawili, na semina zetu hazina watu wawili. Ninachokipendekeza ni timu mbili za wanafunzi watano au sita, kila timu ikiwa na kiongozi, waziri wa mambo ya nje, mkuu wa majeshi na mwandishi wa kumbukumbu, na kila karata ijadiliwe kwa muda uliopimwa kabla ya kuwekwa mezani. Mwandishi wa kumbukumbu ndiye mtu muhimu kuliko wote, kwani anachokiandika kabla ya kujua matokeo ndicho kitakachosomwa wiki inayofuata. Kwa darasa la watu 200 la mwaka wa kwanza, nashauri mchezo usitumike kabisa.

Walimu wengi, wakibanwa na ratiba, watataka kuishia raundi ya tatu. Wajue wanachokikata. Karata ya kuhesabu alama za Afrika huingia mchezoni kuanzia raundi ya nne, pamoja na ile ya Amerika ya Kusini na ya Kati. Mchezo wa raundi tatu ni mchezo ambamo Afrika karibu haina thamani. Hata ikishaingia, udhibiti kamili wa Afrika unaleta alama 6 na nyongeza ya 1 kwa kila nchi ya mapambano makuu, wakati udhibiti wa Ulaya ni ushindi wa papo hapo. Afadhali kuanza katikati, kwa kuwapangia wanafunzi ramani ya mwanzo wa miaka ya 1960 na kuwapa karata za awamu ya pili. Inahitaji mhadhiri akae na boksi jioni moja kabla ya kipindi.

Jambo lingine la kuwaonya wanafunzi mapema ni mtego unaowaangusha wageni karibu wote. Kwa kuwa vita vya nyuklia vikizuka anashindwa mwenye zamu, bila kujali nani aliyevisababisha, mchezaji wa Kisovieti akiitumia karata ya kuundwa kwa CIA wakati kipimo kiko 2 anampa Mmarekani nafasi ya kufanya mapinduzi katika nchi ya mapambano makuu. Kipimo kinashuka hadi 1, na Msovieti ndiye anayeshindwa. Wanafunzi hulalamika kwamba si haki, na kama kanuni ya dunia kweli si haki. Lakini usiwaache waligundue hilo baada ya saa tatu za kazi, maana hamtakuwa na muda wa kurudia, na mjadala wote utageuka kuwa juu ya kanuni moja.

Zoezi ninalolithamini zaidi linafuata baada ya kucheza, na linatokana na ule mtindo wa Sabin, ingawa kwa kipimo kidogo. Kila kundi litunge karata moja kuhusu Afrika Mashariki au ya Kati: liamue namba yake, ni ya upande gani, inatoka awamu ipi, na matokeo yake ni nini, kisha liandike kurasa nne za kuitetea kwa vyanzo vya kihistoria. Vyanzo vinapatikana bila malipo: juzuu za nyaraka za Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kuhusu Kongo ya 1960 hadi 1968 ziko mtandaoni, pamoja na zile za bara zima la Afrika za miaka hiyo. Kundi litakalochagua kuuawa kwa Lumumba, Januari 1961, ambaye hana karata yake katika boksi, litapata kazi rahisi kiasi, kwa sababu madola yote mawili yalikuwa na mkono au maneno ndani ya Kongo. Kundi litakaloichagua reli ya Tanzania na Zambia litakwama, na kukwama huko ndiko kunakotafutwa. Karata iwe ya nani? Ikiwa si ya Marekani wala ya Moscow, faida yake iandikwe wapi? Jibu moja la busara ni kuipandisha ile sehemu isiyo na jina kutoka uimara wa 1 hadi 3, ili isipinduliwe kwa urahisi na upande wowote. Jibu jingine ni kuigawa ramani upya. Kundi linalofika huko limeacha kucheza mchezo wa watu wengine na limeanza kufanya nadharia ya uhusiano wa kimataifa.

Kwa upande wa utafiti niwe mkali kidogo, kwa kuwa shauku ya kuchapisha makala kutokana na michezo inaongezeka. Matokeo ya mchezo hayathibitishi chochote juu ya yaliyopita. Ushahidi uko katika maamuzi ya wachezaji na sababu walizozitoa, na hata huo una mipaka iliyowekwa na kanuni. Mwaka 2018 mtafiti Reid Pauly alitumia kumbukumbu za michezo ya kivita iliyochezwa na maofisa na wataalamu wa Marekani wakati wa Vita Baridi kuonyesha walivyositasita kutumia silaha za nyuklia hata ndani ya mchezo, na kazi yake ina uzito kwa sababu waliocheza walikuwa huru kuzitumia. Katika Twilight Struggle silaha hizo zikitumika mchezo umekwisha na aliyeshika zamu ameshindwa. Anayetaka kupima woga wa nyuklia kwa mchezo huu anapima utii wa watu kwa kanuni. Kinachoweza kuchunguzwa kwa uaminifu ni kitu kingine: je, mwanafunzi aliyecheza upande mmoja anabadilisha namna anavyoeleza sababu za matukio katika insha yake? Hilo linahitaji insha ya kabla na ya baada, pamoja na kundi ambalo halikucheza. Si kazi ngumu, na karibu kila idara ingeweza kuifanya kwa muhula mmoja.

Juu ya boksi lenyewe sina mengi. Ramani ya toleo la 2009 ni ya kadi ngumu na inastahimili mikono mingi. Kete ni nyingi na ndogo, na zitapotea usipoweka mifuko. Maandishi ni ya Kiingereza, tena cha kubana maneno, kwa hiyo orodha ya matukio itayarishwe na kugawiwa wiki moja kabla. Uzani wa pande mbili hauko sawa kabisa: Wasovieti wana nguvu zaidi katika raundi za mwanzo na Marekani za mwisho, na wachezaji wazoefu huipa Marekani kete za nyongeza. Toleo la kompyuta la kampuni ya Playdek, la mwaka 2016, lina faida ya kuzilinda kanuni lenyewe na kumwezesha mwanafunzi kujizoeza peke yake dhidi ya mashine, lakini linaficha hesabu, na kwa matumizi niliyoyaeleza hesabu iliyofichwa ni hasara.

Upo mchezo mdogo wa ukoo huohuo, Twilight Struggle: Red Sea, uliotungwa na Matthews na kutolewa na GMT Games mwaka 2022, unaohusu Pembe ya Afrika na bahari inayoizunguka. Unamalizika ndani ya saa moja, na kisa chake ni cha karibu nasi: mapinduzi ya Ethiopia ya 1974, vita vya Ogaden vya 1977 na 1978, Moscow ikimwacha Siad Barre wa Somalia na kumkumbatia Mengistu wa Ethiopia, Somalia ikiwafukuza washauri wa Kisovieti Novemba 1977. Bado ni mchezo wa madola mawili, lakini mahali penyewe panalazimisha swali la nani alikuwa akimtumia nani. Kwa muhula wa kwanza wa majaribio ningenunua nakala tatu za mchezo huu mdogo na nakala moja ya ule mkubwa, nikaanza na mdogo wiki ya kwanza, nikaleta ule mkubwa kwa kipindi kirefu cha wiki ya pili. Pamoja na hizo ningeagiza pakiti ya kadi nyeupe tupu kutoka duka lolote la vifaa vya ofisi, kwa ajili ya wiki ya tatu.